Kabati Lisilo na Ngano

Daktari aliyenikataza ngano alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na nilikuwa nimepitia kwa madaktari wanne kabla ya kumfikia. Wa kwanza alinitibu minyoo. Wa pili alinitibu amiba. Wa tatu alisema ni vidonda vya tumbo vinavyoletwa na mawazo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu hunipiga. Wa nne alinirudishia dawa za minyoo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikipiga taipu katika ofisi moja mjini, na nilikuwa nimekonda hadi sketi zangu zote nazifunga kwa pini. Lakini tumbo lilikuwa na mambo yake. Kila nikila lilifura kama ngoma, na nikitoka nje jioni kuanua nguo, majirani wa mtaa wetu wa Kaloleni walilitazama na kunipongeza.

Yule mzee hakunishika popote. Aliniuliza tu ninakula nini.

"Asubuhi chai na mkate," nikamwambia. "Saa nne ofisini, chai na mandazi. Jioni chapati, hasa mwisho wa wiki. Jumapili keki. Keki naoka mwenyewe."

Akaandika yote, kisha akapiga mstari chini ya kila alichoandika.

"Acha ngano," akasema.

"Sawa, daktari. Huo mkate wa brauni hata sijawahi kuupenda."

"Mkate wote."

"Na chapati?"

"Chapati ni ngano."

"Mandazi?"

"Ngano."

"Keki?"

"Keki pia."

Nikafikiri kidogo. "Na biskuti?"

Akaiweka kalamu chini. "Mama, kwani ulidhani biskuti huchimbwa?"

Akanieleza kwamba kuna watu wachache ambao matumbo yao hayapatani na ngano wala shayiri, tangu kuzaliwa hadi kufa, na kwamba aliwaona wengi wa namna yangu alipokuwa akisoma ng'ambo. Nikamwuliza dawa yake ni ipi. Akasema dawa ni kuacha. Nilitoka pale nikiwa na hasira, maana nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku nzima kazini, na mtu hawezi kurudi ofisini bila hata chupa ya dawa mkononi akasema alikuwa hospitali.

Hata hivyo niliacha. Wiki ya tatu tumbo likalala. Nikaanza kupanda ngazi za ofisi bila kupumzika katikati. Mume wangu, ambaye alikuwa fundi katika karakana ya reli na aliamini kila kitu kina spea yake, alifurahi, akasema basi tumepona, tuendelee na ugali.

Sikutaka kuendelea na ugali. Watu hawakulielewa jambo hili. Kuoka keki ndiko kulikonifanya mtu pale mtaani. Nilikuwa nimejifunza katika darasa la akina mama kwenye ukumbi wa kijamii, Jumamosi nane mfululizo, na mwisho wake nilijua kuoka keki ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ikatoka ya rangi ya dhahabu pande zote. Kanisani wakitembelewa na wageni, niliitwa mimi. Mtoto akibatizwa, niliitwa mimi. Sasa ningeitwa kufanya nini, kusonga ugali?

Nikarudi hospitali kwa mama wa lishe, yule anayewafundisha watu chakula, nikamweleza shida yangu. Alifungua droo, akapekua sana, akanipa ukurasa uliokatwa kutoka gazeti la ng'ambo. Juu kulikuwa na picha ya mwanamke mweupe anayecheka mbele ya kabati lililojaa mikebe. Chini yake kulikuwa na orodha ya vitu ambavyo mtu asiyekula ngano lazima awe navyo nyumbani ndipo aweze kuoka. Vilikuwa vitano: unga wa mchele, tapioka, aroruti, stachi na gamu.

"Hivi vitu ni nini?" nikamwuliza.

"Mchele unaujua," akasema. "Hivyo vingine uliza dukani."

Mume wangu alinitengenezea kabati. Alinunua mbao za makreti ya chai huko Gikomba, akaweka wavu kwenye milango, na kila mguu akausimamisha ndani ya kopo la maji ili sisimizi wasipande. Lilikuwa kabati zuri na lilikuwa tupu. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mwema, alimwandikia mama yake barua kumweleza habari zangu. Nadhani hakuzieleza vizuri. Baada ya siku chache, nikirudi kutoka kazini, nilimkuta mama mkwe ameketi mlangoni juu ya gunia la viazi, kiondo mapajani.

"Ugonjwa gani huu," akaniuliza hata kabla sijamsalimu, "unaotibiwa kwa kunyimwa chakula?"

Alikuwa amekuja kwa wiki moja. Alikaa miezi miwili na nusu.

Ni lazima niseme ukweli kwamba nilikuwa nikimwogopa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu anayezungumza na mtu aliye ng'ambo ya bonde, na hakuamini jambo lolote mpaka alishike. Lakini nilipomwonyesha ule ukurasa na kumsomea orodha, jicho lake likawaka. Yeye alikuwa mkulima. Mtu akimtajia vyakula vitano ambavyo hajawahi kuvisikia, alichukulia kama amedharauliwa.

"Tutavipata," akasema. "Vyote."

Tulianza na mchele kwa sababu ndio tuliokuwa tukiujua. Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye kinu cha posho, mimi na yeye na kilo nne za mchele. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu na mahindi yake. Zamu yetu ilipofika, mwenye kinu akatia mkono kwenye mfuko wangu, akautoa, akanitazama.

"Mama, huu unapikwa."

"Najua. Nataka usagwe."

"Mchele usagwe?"

Foleni nzima ikatukodolea macho. Miaka ile mchele ulikuwa chakula cha Krismasi na cha wageni. Kuna watu waliokuwa wakihesabu Jumapili kwa mchele. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa sauti ambayo alitaka niisikie, "Wengine wanautafuta wa kupika, wengine wanautwanga kwa kiburi."

Mama mkwe akageuka. "Huyu ni mgonjwa!" akatangaza kwa Kiswahili chake cha bara, na ile sauti yake ya bondeni. "Yeye akikula ngano, tumbo inakuwa kama mpira!"

Mwenye kinu aliusaga haraka ili tuondoke. Kilo ya kwanza ilitoka na mahindi ndani yake, kama daktari alivyokuwa amenionya kwamba vinu huchanganya, lakini mahindi hayakuwa na neno kwangu. Tukarudi nyumbani na mkebe wa kwanza ukajaa.

Tapioka niliitafuta peke yangu, mjini, wakati wa chakula cha mchana. Nilizunguka maduka ya Wahindi hadi nikampata bibi mmoja mzee nyuma ya kaunta aliyenielewa. Aliniuzia kipakiti kidogo cha vidonge vyeupe vya mviringo, kwa bei iliyonifanya nirudi kazini kwa miguu. Jioni nikavimimina mezani mbele ya mama mkwe. Akavitazama kwa muda mrefu, akasukuma kimoja kwa ukucha.

"Haya ni mayai ya mjusi," akasema.

"Si mayai, Mama. Ni tapioka."

"Inazaliwa wapi?"

Sikujua. Tukavitia kwenye mkebe, na kwa siku kadhaa nilimwona akifungua kabati asubuhi, akiutazama ule mkebe kwa karibu. Baadaye aliniambia alikuwa akiangalia kama vitaanguliwa.

Aroruti ndiyo iliyotuponza. Katika Kiingereza cha kwetu Kenya, ukisema hivyo kila mtu anajua umesema nduma, ambazo Pwani huitwa majimbi. Sokoni wanaziita hivyo, shuleni walitufundisha hivyo, hata menyu za hoteli zimeandikwa hivyo. Nilipomtafsiria mama mkwe, alicheka hadi akashika ubavu. Yeye alikuwa na shamba zima la nduma kando ya mto. Mzungu amejaza ukurasa wa gazeti kuwaambia watu watafute nduma! Akapeleka neno nyumbani kupitia kwa utingo wa basi, na siku ya tatu likaja gunia zima.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba aroruti ya wale watu wa ng'ambo ni mmea mwingine kabisa, usio na undugu wowote na nduma. Lakini wakati ule hakuna aliyenijulisha, na mama wa lishe hakuwa na habari.

Tulimenya gunia lile siku nzima ya Jumamosi, uani, mbele ya mlango. Mtu yeyote aliyewahi kumenya nduma mbichi anajua yaliyotupata. Kufikia saa sita mikono ilikuwa ikituwasha hadi viwikoni. Tuliipaka mafuta, tukaipaka majivu, tukaikuna kwa magunzi. Mama mkwe hakukubali kuacha. Tulikata vipande vyembamba, tukavianika juu ya mikeka, tukavilinda na kuku kwa zamu, na vilipokauka tukavipeleka kwenye kinu. Mwenye kinu alipotuona, alifunga macho kwa muda kidogo.

"Leo ni nini?"

"Nduma," nikamwambia.

Alisaga. Vumbi likapanda. Foleni ikaanza kupiga chafya, halafu ikaanza kujikuna shingo. Siku iliyofuata nikaoka keki ndogo ya majaribio ya unga ule na ule wa mchele, nikaonja uji wake kwa ncha ya kidole kama nilivyofundishwa darasani. Ulimi uliniwasha kama nimeramba upupu. Mume wangu alikula kipande kimoja kwa ajili ya mapenzi, akanywa maji vikombe vitatu, akalala, na kesho yake alikwenda kazini bila sauti.

Wakati huohuo, kwa wema wake, aliniletea kitu cha tano katika orodha. Gamu, kama alivyojua fundi yeyote, ni gundi. Aliniwekea mezani kopo la gundi ya mbao.

"Hii inashika hata kiti," akasema.

Nilimshukuru. Sikuifungua.

Sasa kulikuwa na jambo lingine lililokuwa likikua bila sisi kujua. Kanisani kwetu, siku ya Meza ya Bwana, sahani ya mkate hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akachukua kipande. Mwezi wa kwanza niliipitisha bila kuchukua. Mwezi wa pili niliipitisha tena, na safari hii mwanamke aliyeketi kando yangu aliipokea polepole sana, akinitazama. Mtu hakatai Meza ya Bwana ila awe na dhambi ambayo hajaitubu. Wengine walisema nimemwendea mume wangu kinyume. Wengine, waliokuwa wamesikia habari za kinu, walisema nimeingia dini mpya isiyokula ngano, na kwamba mama mkwe ameletwa kutoka kijijini kunitoa huko.

Ujumbe ulikuja Alhamisi: Jumamosi mzee wa kanisa pamoja na akina mama watatu wangekuja kunitembelea, "kuomba pamoja." Kila mtu anajua maana ya kuomba pamoja.

"Waje," akasema mama mkwe. "Oka keki. Wakila keki isiyo na ngano, wataelewa."

Lilikuwa wazo zuri, na nilikuwa na unga wa mchele wa kutosha. Kilichokosekana kilikuwa stachi, ile ambayo ukurasa ulisema ndiyo inayoshikanisha keki isivunjike. Ijumaa nilikwenda kazini nikiwa nimeamua kuitafuta mjini, lakini bosi alinibakiza na barua hadi jioni. Niliporudi nimekata tamaa, mama mkwe alinipokea akitabasamu. Alifungua kabati. Mkebe wa nne ulikuwa umejaa unga laini.

"Stachi," akasema. "Nimepata hapa hapa mtaani. Kumbe kila mtu anaijua."

Nilifurahi kiasi kwamba sikuuliza. Taa yetu ilikuwa hafifu, na unga niliuona mweupe. Nilimkumbatia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla.

Jumamosi saa nane mchana nikapima mchele vikombe viwili na stachi kikombe kimoja, nikapiga mayai sita, sukari, siagi. Yalipoingia maziwa, mchanganyiko ukabadilika rangi kidogo. Nilidhani ni bakuli. Nikaupeleka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu, nikaenda kuvaa.

Wageni walifika saa tisa kamili. Mzee wa kanisa alikuwa amevaa suti nyeusi na shati ambalo kola yake ilisimama kama ubao. Wale akina mama waliketi wakiwa wameshika mikoba kwa mikono miwili. Waliomba. Waliuliza hali ya afya. Kisha mzee akasafisha koo na kusema kwa upole kwamba kondoo akionekana anakaa mbali na malisho, mchungaji humfuata kujua kuna nini.

"Ni ngano," nikasema.

"Ngano na magugu," akaitikia mzee, akidhani nimeanza kuungama kwa mfano wa Injili.

"La, mzee. Ngano yenyewe. Daktari amenikataza. Ule mkate wa Meza ni ngano, na mimi nikila ngano naumwa wiki nzima. Sijaacha imani. Nimeacha unga tu."

Wakatazamana. Sikuona kama wameamini. Basi nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi, "Ngojeni niwaonyeshe," nikaenda kuitoa keki.

Ilikuwa ya buluu.

Haikuwa buluu ya mbingu. Ilikuwa buluu ya kijivu, kama sare za watoto wa shule zilizofuliwa mara nyingi, na juu ilikuwa na mabaka yaliyokoza zaidi. Ilikuwa imeinuka vizuri, hilo siwezi kulikana. Nilisimama nayo jikoni nikitafuta mahali pa kuificha, lakini mama mkwe alikuwa amenifuata. Aliitazama, akaridhika, akainyakua na kuipeleka sebuleni mwenyewe.

"Keki ya mchele," akatangaza, akaanza kukata.

Watu wa kwetu hawakatai chakula mbele ya mwenyeji. Kila mmoja alipokea kipande chake, akakitazama, akasema asante. Mzee wa kanisa, akiwa mkubwa wao, ndiye aliyeanza. Alitafuna. Alitafuna sana. Mama mmoja akauliza, kwa adabu, keki imetiwa rangi gani.

"Hakuna rangi," akasema mama mkwe. "Labda ni ile stachi."

"Stachi gani, Mama?" nikamwuliza.

"Ile ya yule mama anayefulia watu nguo hapo nyuma. Alinichotea mkebe mzima. Ni nzuri sana, yeye huiweka tayari pamoja na buluu yake ya kufulia nguo nyeupe, ndiyo maana mashati yake yanang'aa."

Mzee wa kanisa, akiwa bado na keki mdomoni, aliinua mkono polepole na kuigusa kola yake.

Sijui nani aliyeanza kucheka. Ninachokumbuka ni yule mama mnene zaidi akiwa ameinama, mkoba wake umeanguka, machozi yanamtoka. Mzee alimeza, sijui kwa nguvu za nani, akaomba maji, kisha akasema kwamba kwa vyovyote vile ameamini si dini mpya, kwa sababu hakuna dini ambayo ingeendelea na chakula kama hicho. Nikaomba radhi mara kumi. Mama mkwe hakuona aibu hata kidogo. Alitaka kujua kama ilikuwa na sukari ya kutosha.

Kisha ukafuata mjadala wa Meza ya Bwana. Akina mama walisema nipewe kikombe peke yake. Mzee alisita, akisema kitu hicho hakijawahi kufanywa katika kanisa letu. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa mbali akikusanya vipande vya keki vilivyokuwa vimefichwa chini ya leso, akasema, "Bwana alipowalisha watu kule nyikani, kwani si kulikuwa na mikate na samaki? Basi huyu mpeni samaki."

Mzee alifikiri juu ya hilo kwa uzito mkubwa. Mwishowe akasema kikombe kitatosha.

Katikati ya kicheko chote kile, jirani wetu wa mlango wa pili akabisha hodi. Alikuwa mama wa makamo kutoka Pwani, mjane, Mwislamu, mwenye kanga safi na Kiswahili ambacho ukikisikia unajirekebisha kwanza kabla ya kujibu. Tulikuwa tumeishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka mitatu, tukisalimiana na kuazimana chumvi, basi. Alikuja kuuliza kama kuna msiba au harusi. Akaiona keki. Nikamweleza yote, tangu daktari hadi buluu.

Alitoka, akarudi na sinia lililofunikwa kwa kawa. Alipofunua, harufu ya iliki ikajaa chumbani. Ulikuwa mkate wa mviringo, mweupe ndani, umepigwa rangi ya hudhurungi juu, laini kama sponji.

"Nilikuwa nimewapikia wanangu jana," akasema. "Karibuni."

"Ahsante, Mama, lakini mimi ngano siwezi," nikamwambia.

"Ngano iko wapi? Huu ni mkate wa kumimina. Mchele, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Basi."

Niliutazama ule mkate. Nililitazama kabati langu, ile nduma, yale mayai ya mjusi, lile kopo la gundi. Nikakata kipande, nikala. Nilikula kipande cha pili. Sikuwa nimekula kitu kilichoinuka kwa karibu miezi mitatu, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo mbele ya wageni.

"Unaupika mara ngapi?" nikamwuliza nilipoweza kusema.

"Kila Ijumaa, mwanangu."

"Miaka mitatu yote hii?"

"Tangu nihamie hapa."

"Mbona hukuniambia?"

Akanishangaa. "Mbona hukuniuliza? Nilikuona unaanika nduma na kuzisaga, nikadhani ni mila zenu."

Kuanzia Jumatatu iliyofuata mama mkwe alihamia jikoni kwa yule jirani. Alikuwa amepata kitu cha kukishika. Kutoka kwangu niliwasikia kupitia ukutani, mmoja akifundisha kupika na Kiswahili kwa wakati mmoja.

"Sasa mimi naweka unga yangu."

"Unga wangu."

"Hapana, ni yangu. Yako iko hapo."

"Nasema, unga ni *wangu*."

"Basi chukua! Kwani tunagombania unga?"

Ilichukua muda wakaelewana, lakini walielewana. Kutoka kwa jirani tulijifunza kwamba mchele hausagwi ukiwa mkavu kinuni kwa watu, bali huloweshwa usiku kucha na kutwangwa ukiwa na unyevu, ukachekechwa. Tulijifunza kwamba uji wake unapigwa kwa mkono hadi mkono uchoke, kisha unaachwa uumuke mpaka utoe mapovu. Alivitia vile vidonge vyangu vya tapioka mdomoni, akatafuna, akasema, "Huu ni muhogo, mwanangu. Nani kakuuzia muhogo kwa bei ya dhahabu?" Alinipeleka Gikomba kwa akina mama wa kutoka magharibi mwa Kenya wanaouza muhogo mkavu kwa debe. Kutoka kwao nikaongeza mtama na wimbi. Mikebe kabatini ikawa saba, yote ya vitu vilivyokuwa vikiuzwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni pangu. Nduma tuliyobaki nayo tuliichemsha tukaila na chai, kama inavyotakiwa.

Keki pia ilinirudia, polepole. Ya mchele na muhogo, mayai mengi, na ndizi mbivu iliyopondwa badala ya gamu. Mwaka uliofuata, wageni walipokuja kanisani, niliitwa tena. Mzee alikula vipande viwili, ingawa alikuwa wa kwanza kuuliza imetengenezwa na nini.

Mama mkwe alirudi kwake mvua zilipoanza, na nazi nne ndani ya kiondo. Baada ya mwezi ikaja barua, ameandikiwa na shemeji yangu aliyekuwa bado shuleni. Ilisema kwamba amewafundisha kikundi chake cha akina mama kupika mkate wa mchele. Nazi zimekwisha na huko hazipatikani, kwa hivyo ametumia maziwa ya ng'ombe. Iliki alisahau mezani kwangu, kwa hivyo ametumia tangawizi. Hamira mzee wa nyumba aliimwaga akidhani ni sumu ya panya. Mkate ulikataa kuinuka, umekaa chini kama kifuniko cha mtungi, lakini umeliwa wote, na mchungaji wa huko ameomba apelekewe tena. Mwisho shemeji aliandika kwa herufi kubwa, kama alivyoamriwa: MWAMBIE YULE JIRANI KWAMBA UNGA NI WANGU.